Viraka vya Tanga na Hesabu ya Kivuli

Niliyasema haya Bagamoyo, mbele ya vijana wanaochora kwa tableti na simu, pamoja na wazee wachache waliokuja kuwasikiliza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, ila namba nimeziweka kwa ukamilifu, maana pale nilizipita haraka.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu, wadogo zangu na wanangu, hamjambo. Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru kwamba mmenipa saa hii ya jioni, upepo umeshaanza kupoza ukumbi na hakuna mwenye haraka.

Nimeombwa kuzungumzia modi za kuchanganya leya. Leya ni safu za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine ndani ya programu, na modi ni kanuni ya jinsi safu ya juu inavyochanganyika na iliyo chini yake. Naomba nianzie mbali kidogo na tableti.

Leo asubuhi nilikuwa ufukweni kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Jua lilikuwa limechomoza punde tu, na mashua moja ilikuwa inarudi kutoka kuvua. Jua lilikuwa nyuma ya tanga, kwa hiyo tanga zima lilikuwa linawaka, rangi yake kama chai ya maziwa. Katikati lilikuwa na viraka vitatu. Vimeshonwa kwa kitambaa cha aina ileile, pengine kimekatwa kwenye tanga kuukuu. Lakini viraka vilionekana vyeusi kuliko tanga. Na pale ambapo kona ya kiraka kimoja imepanda juu ya kingine, palikuwa peusi zaidi. Mashua ilipofika kina kifupi nikaingia majini mpaka magotini, nikazunguka upande wa baharini, nikalitazama tanga lilelile jua likiwa mgongoni mwangu. Viraka vilikuwa karibu vimepotea. Niliona mishono tu.

Kitambaa hakikubadilika. Kilichobadilika ni kazi iliyofanywa na mwanga. Mwanga ukipita ndani ya kitambaa, sehemu yake huliwa. Tuseme kitambaa kimoja kinapitisha sehemu nane kati ya kumi. Ukifika kwenye kiraka, kitambaa cha pili hakili mbili nyingine za mwanzo. Kinakula kutoka katika zile nane zilizobaki. Nane ya kumi mara nane ya kumi ni sitini na nne ya mia. Penye vitambaa vitatu hubaki hamsini na moja. Mwanga hapa haukutolewa, umezidishwa kwa namba iliyo chini ya moja, na kila safu inazidisha kilichoachwa na safu iliyotangulia.

Hiyo ndiyo Maltiplai. Ile modi mnayoibonyeza kila siku mkitaka kivuli ni tanga lenye kiraka. Programu inachukua namba ya pikseli, yaani nukta moja ya rangi, ya juu na ya chini, zote kati ya 0 na 255, inazizidisha na kugawa kwa 255, na inafanya hivyo kwa nyekundu peke yake, kijani peke yake, buluu peke yake. Nyeupe ni moja, haibadilishi kitu. Nyeusi ni sifuri, inaua kila kitu. Ndiyo maana ukipiga picha mchoro wako wa penseli, ukaiweka leya hiyo juu kwa Maltiplai, karatasi inayeyuka na mistari inabaki.

Hali ya kawaida, yaani Nomali, ni jambo lingine kabisa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Rangi ile inafunika. Ukiweka njano juu ya nyeusi, unaona njano. Sanaa nzima ikajengwa juu ya uwezo huo wa kufunika, na ni sanaa kubwa. Kwenye kompyuta, hesabu ya kufunika picha moja kwa nyingine, pamoja na sehemu zilizo wazi nusu nusu, ilipangwa vizuri na Thomas Porter na Tom Duff mwaka 1984. Miaka kumi baadaye, mwaka 1994, programu ya Photoshop ikaletewa leya kama tunavyozijua. Kwa hiyo hii orodha ndefu ya modi tunayoiona kama imekuwepo tangu zamani ni kitu cha juzi, na kila neno lililomo ndani yake ni jina la hesabu fupi. Mkiijua hesabu, hamtahangaika tena kubonyeza moja moja mpaka kitu kipendeze.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Wengi wenu mkichora kivuli mnachukua kijivu cha katikati, 128, mnakiweka Maltiplai, mkiamini mmepunguza mwanga nusu. Si nusu. Namba zilizomo ndani ya faili za kawaida, zile za sRGB, mpangilio wa rangi unaotumiwa na picha nyingi, si kipimo cha mwanga wenyewe. Zimepindwa makusudi zifuate jicho la binadamu, kwa sababu jicho linatofautisha vizuri zaidi hatua ndogo za giza kuliko hatua ndogo za mwanga mkali. Kijivu cha 128 ni karibu asilimia 22 tu ya mwanga wa nyeupe. Yaani mkono wako umesema nusu, na leya imesema moja ya tano. Kijivu kinachoacha nusu ya mwanga kiko karibu na 188. Kiwekeni 188 kichwani, kitawafaa.

Kwa ngozi nyeupe kosa hilo linasameheka. Kwa ngozi zetu halisameheki. Tuchukue ngozi ya maji ya kunde: nyekundu 112, kijani 70, buluu 48. Weka juu yake kijivu cha 128 kwa Maltiplai. Inakuwa 56, 35, 24. Bado ni uso. Halafu unaongeza leya ya pili ya kivuli kwa ajili ya shingo na chini ya kidevu, kama somo la mtandaoni lilivyokufundisha. Inakuwa 28, 18, 12. Hapo hakuna tena ngozi, kuna shimo. Chukua ngozi nyeupe ya 236, 200, 176, ipitishe kwenye leya zilezile mbili: inaishia 59, 50, 44, yaani kivuli cha pili cha mzungu bado kiko juu kidogo ya kivuli cha kwanza cha mtu wa maji ya kunde. Aliyeandaa somo lile alikuwa na ngazi ndefu ya kushuka. Wewe umepewa idadi yake ya hatua juu ya ngazi fupi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Miaka kadhaa iliyopita familia moja iliniagiza picha ya bibi yao aliyefariki. Walitaka iwekwe sebuleni siku ya harusi ya mjukuu wake, kwa sababu bibi ndiye aliyemlea. Nilipewa picha ndogo ya pasipoti, nikachora kwa wiki mbili. Kwenye tableti, mwangaza wa kioo nikiwa nimeupandisha mpaka mwisho, bibi alikuwa anaonekana vizuri, makunyanzi yote, mpaka ile mikunjo miwili ya pembeni mwa mdomo ya mtu aliyezoea kutabasamu. Nikapeleka kuchapishwa. Ilipotoka, upande mmoja wa uso ulikuwa bonge la giza, na upande wa pili, nilipokuwa nimeweka mwanga mweupe, ngozi imepauka kama mtu aliyetembea kwenye vumbi bila kupaka mafuta. Mama mwenye nyumba aliitazama kwa muda mrefu. Akaniambia kwa upole sana, "Mwanangu, huyu si mama yangu."

Karatasi haina taa nyuma yake. Na mimi nilikuwa nimepanga leya nne za Maltiplai, zote kijivu, moja juu ya nyingine, bila kuhesabu. Nilichora upya bila malipo, lakini neno lile sijalisahau.

Basi nifanyeje, mtaniuliza. Kwanza, kivuli kisiwe kijivu. Tokeni nje saa nne asubuhi mtazame mtu aliyesimama kwenye kibaraza cha nyumba ya zamani, ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa, mchanga mweupe mbele yake. Yuko kivulini, ndiyo, lakini kivuli kile kimejaa mwanga. Mchanga unamrudishia mwanga wa joto kutoka chini, kwenye kidevu na chini ya mashavu. Ukuta unamrudishia kutoka pembeni. Mbingu inamwagia ubuluu kutoka juu. Kivuli cha pwani yetu kina rangi mbili au tatu, na hakina giza mnalolipaka.

Kwa hiyo leya ya kivuli ipeni rangi ya joto na iwe nyepesi. Mimi mara nyingi naanzia karibu na 200, 160, 170. Zidisha na ile ngozi yetu: inakuwa 88, 44, 32. Imeshuka, lakini nyekundu haikushuka sana kama kijani na buluu, kwa hiyo ngozi imekolea badala ya kufa. Hivyo ndivyo ngozi yenye damu ndani inavyofanya kivulini. Halafu, kwa sehemu zinazotazama juu tu, paji la uso, mgongo wa pua, juu ya mabega, natumia modi ya pili, na hii inahitaji taa.

Wazee hapa wanaikumbuka karabai. Usiku wa dagaa, baharini kulikuwa kama mji. Mkiweka karabai moja mbele ya ukuta, ukuta unaangaza kiasi. Mkileta ya pili, mwanga wa pili unaongezeka juu ya wa kwanza. Taa haili taa. Huo ndio upande wa pili wa hesabu, na kwenye orodha yenu umekaa katika majina mawili, Adi na Skrini. Adi inajumlisha kavu: 128 na 128 ni 256, umeshagonga dari la 255, pamekuwa peupe na hakuna tena cha kuona. Skrini ni mpole. Inageuza picha zote mbili ziwe kama negativu za zamani, inazizidisha, kisha inageuza jibu. 128 na 128 zinatoa 192. Kila unapoongeza inapanda, lakini inakaribia nyeupe polepole, na haigongi dari isipokuwa kama moja ya hizo mbili tayari ni nyeupe. Nyeusi kwenye Skrini haionekani kabisa, na ndiyo maana picha ya moto iliyopigwa gizani inakaa juu ya mchoro bila kukatwa na mkasi.

Adi naiwekea vitu vinavyotoa mwanga wenyewe au kuurudisha kama kioo: utambi wa taa, cheche za jiko, kimeto cha jua juu ya wimbi, ule mstari mwembamba wa mwanga kwenye paji la mtu aliyepaka mafuta ya nazi. Iwe kidogo na iwe kali. Skrini naiwekea vitu vilivyo hewani: moshi wa karai la samaki, ukungu wa asubuhi juu ya mikoko, na ule ubuluu wa mbingu juu ya ngozi. Ubuluu huo usiwe mweupe wala mwangavu. Uwe wa giza, kama 30, 45, 70, na opasiti, yaani uzito wa leya, isizidi asilimia 40. Mkiweka nyeupe kwa Skrini juu ya ngozi yetu mnapandisha nyekundu, kijani na buluu kwa pamoja, zinakaribiana, rangi inakufa, ngozi inapauka. Kule kupauka kwa bibi yule kulitoka hapa.

Modi ya Ovalei sitaisifia sana. Najua inapendwa. Inatazama leya ya chini: penye giza inazidisha kisha inafanya mara mbili, penye mwanga inafanya kazi ya Skrini, na kijivu cha 128 kikiwa juu hakibadilishi chochote. Somo mtakalolikuta kila mahali linasema weka rangi ya chungwa kwa Ovalei, picha itapata joto la machweo. Haya, tujaribu, chungwa la 255, 170, 90. Ile ngozi nyeupe inakuwa 255, 218, 153, joto zuri, kama mtu aliyekaa karibu na taa. Ya maji ya kunde inakuwa 224, 93, 34. Hilo si joto, hilo ni chungwa lenyewe! Nyekundu imefanywa mara mbili kamili huku buluu ikishuka. Watoto wengi wanaona matokeo haya wanadhani mkono wao ni mbaya, na mkono wao hauna kosa lolote. Kama mnataka joto, tumieni Softi Laiti, modi iliyo pole kuliko Ovalei, kwa opasiti ndogo, au tieni joto kwenye rangi ya ngozi kwa mkono kwenye leya ya kawaida.

Na nikishataja machweo, niseme hili pia, maana linaniuma kila nikiona michoro ya mji huu. Bagamoyo jua halizami baharini. Linazama nyuma yetu, upande wa bara. Jioni kivuli cha nyumba kinanyooka juu ya mchanga kuelekea majini, ufuko unaingia kivulini kwanza, na huko mbele matanga bado yanapigwa na jua kwa mbele, ya dhahabu, hayana viraka. Asubuhi matanga yamewaka kwa nyuma na viraka vinaonekana vyote. Ukichora jua jekundu linazama baharini na jahazi jeusi mbele yake ukaandika Bagamoyo, umechora bahari ya watu wengine. Mtu wa hapa anajua hata kama hawezi kueleza ni nini kilichomkera.

Sasa tuingie chini ya makuti. Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote.

Nendeni sokoni penye samaki, chini ya banda, adhuhuri. Mama amekaa kwenye kigoda, mbele yake karai, pembeni beseni la changu. Makuti yametoboka toboka, na jua linamwangukia kwa vitone. Tazameni umbo la vitone. Matundu ya makuti ni nyufa, mengine marefu, mengine ya pembe tatu, lakini vitone vilivyo chini ni vya duara. Kila kitone ni picha ya jua lenyewe, imepita kwenye tundu. Siku jua linapopatwa, vitone vyote vinakuwa hilali, chini ya kila mti na kila banda. Na ukubwa wake unafuata urefu wa paa: tundu likiwa mita 3 juu ya bega la mama, kitone kinakuwa karibu sentimita 3, kingo zake laini. Paa likiwa chini, kitone ni kidogo na kingo zake zinakaza. Jua likiinama, duara linavutika kuwa yai.

Wengi wakitaka kuchora vitone hivi wanachukua brashi nyeupe au njano na kudondosha juu. Vinaonekana kama madoa ya chokaa. Fanyeni kinyume. Chora mama kwanza kama aliyekaa juani, leya ya chini, rangi zake kamili. Juu yake weka leya moja ya Maltiplai yenye ile rangi ya joto, ifunike mama mzima, karai na beseni. Ipe maski, yaani pazia linaloficha sehemu za leya bila kuiharibu. Halafu kwenye maski futa vitone, duara moja moja, brashi yenye kingo laini. Unachofanya ni kutoboa paa. Kitone kikiangukia ngozi kinatoa rangi ya ngozi ya juani, kikiangukia khanga kinatoa nyekundu ya khanga, kikiangukia samaki kinatoa fedha. Hukuchagua rangi ya hata kitone kimoja, na vyote ni sahihi, kwa sababu umefuata kazi ambayo jua na makuti yamefanya.

Khanga nayo ina mambo yake. Pindo, mji na jina, vyote hivyo unavichora sawa sawa kwenye leya yake, unaibana kwenye umbo la nguo, unaiweka Maltiplai juu ya mikunjo uliyokwisha kuichora kwa mwanga na kivuli. Lakini Maltiplai haijui kukunja. Itatia kivuli kwenye maandishi, haitayapindisha. Jina la khanga likipita juu ya goti lazima lipande na kushuka na goti, na kazi hiyo ni yako, kabla ya modi yoyote. Nimeona michoro mizuri iliyoharibiwa na jina lililonyooka kama limeandikwa ukutani.

Kuna wanaochora kwanza kwa kijivu tupu, kisha wanatia rangi kwa modi ya Kala. Njia nzuri, lakini ina mtego. Kala inachukua aina ya rangi na ukolezi kutoka juu, na mwangaza inauacha wa chini. Na rangi hazina mwangaza sawa. Katika hesabu ya programu, nyekundu inachangia sehemu 30 za mia, kijani 59, buluu 11 tu. Njano, ambayo ni nyekundu na kijani pamoja, ina mwangaza wa 89. Basi ukiichora khanga ya njano kwa kijivu cha giza ukasema rangi itakuja baadaye, haiji. Utapata haradali au tope la kijani, hata ukibadilisha njano mara ishirini. Njano ianze kwenye kijivu cheupeupe, na buluu ya kaniki ianze gizani. Amua rangi kichwani kabla hujachora kijivu.

Modi za Difarensi, Ekskluzhoni na ndugu zao nazipita. Difarensi inanisaidia kitu kimoja: kuangalia kama nakala mbili za mchoro zimekaa sawasawa, maana palipo sawa panakuwa peusi.

Jambo la mwisho la ufundi, kwa sababu limewalaza watu wengi macho. Mkiziweka leya zenye modi ndani ya kundi, mara nyingi zinachanganyika na zilizomo ndani ya kundi lile tu, haziioni picha iliyo chini yake. Ghafla kivuli kimebadilika na hujui kwa nini. Kwenye Photoshop kundi jipya huwa wazi, mwanga unapita. Kwenye Krita, programu nyingine ya kuchora, inabidi uruhusu mwenyewe. Na mkihamisha faili kutoka programu moja kwenda nyingine, modi isiyojulikana kule inaweza kugeuzwa Nomali, na kivuli chenu cha joto kikawa rangi inayofunika uso mzima. Kabla ya kumpelekea mtu faili, tengenezeni nakala iliyounganishwa kuwa leya moja. Na shusheni mwangaza wa kioo mpaka nusu, mtazame tena. Kama uso unaonekana hapo, utaonekana na kwenye karatasi.

Nilipofika hapo nilikaribisha maswali. Binti mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akasema, "Shikamoo, mwalimu. Mimi sina tableti. Nina simu hii, na kidole. Hizo modi nyingine hata sijui kama ninazo."

Nikamwambia njoo mbele, mwanangu. Simu yake ilikuwa na ufa kwenye kona, ndani ina ibisPaint, programu ya kuchora, na modi zote nilizozitaja zilikuwemo. Alikuwa ameshamchora mama yake, muuza samaki, kwa kidole, mkono mmoja ukiwa umeshika changu kwa mkia. Hakuwa ametia kivuli chochote. Tukaongeza leya moja. Akachagua rangi mwenyewe, si kijivu, akatia wekundu kidogo, akaiweka Maltiplai, mama akaingia bandani. Ukumbi ukasogea kutazama. Nikamwonyesha maski ilipo, nikanyamaza.

Akafuta kitone kimoja begani. Akakitazama, akakipanua kidogo. Akafuta cha pili karibu na sikio, hereni ikang'aa. Cha tatu alikaa muda kabla ya kukiweka, kidole kikielea juu ya kioo, halafu akakiweka kwenye jicho la samaki.